Kufunga Kwangu Hakukuwa Maombi

Koko,

Matanga yako tuliyamaliza juzi. Kitanda chako kimeenda kwa mutoto wako Tonton, ku kijiji cha Miti, na chumba chetu kimekuwa kikubwa bure. Sikipendi. Lakini mimi mujukuu wako nakuandikia juu ya neno moja nililokudanganya, sitaki ulale nalo huko.

Unajua vile nilianza. Nilisema ninafunga kwa ajili ya mitihani. Hapa Bukavu nani atamukataza mutoto anayefunga? Mitihani ikapita, nikafungia amani ya Kivu, nikafungia Papa apate kazi. Kanisani wakanipa kuongoza vijana wa maombi. Maman akajisifu kwa majirani wote. Na mimi, Koko, sikuwa ninaomba hata kidogo. Nilikuwa ninaogopa chakula, ninauchukia mwili wangu, na Mungu nilimufanya pazia.

Siku ile nilianguka katikati ya maombi, walisema Roho amenishukia. Walinizunguka wakaimba. Wewe ulipita kati yao, kitenge kinakuanguka, ukasema: “Huyu mutoto ni mugonjwa. Muache kuimba.”

Nikapelekwa hospitali, kwa yule mama mushauri anayenisikiliza kila Jumanne. Nyumbani ukakula na mimi sahani moja, bugali na sombe. Hukunihesabia matonge. Hukusema nimenona wala nimekonda. Ulinisimulia ng'ombe za baba yako, unatafuna polepole na yale meno yako machache, ili nisibaki mezani peke yangu. Nilipolia ulisema nilie tu. Nilianza kupona, Koko, kweli nilianza.

Kisha wakakulaza wewe hospitali. Kila nikija uliniuliza kama nimekula, nikasema ndiyo. Hata siku ya mwisho. Ilikuwa uongo. Ulinishika mukono, ukafurahi, ukaenda. Hilo linaniuma kupita kifo chenyewe.

Ku matanga waliniletea wali na maharagi. Mudomo wangu ukasema wenyewe: ninafunga kwa ajili ya Koko. Wamama wakaitikia kwa heshima, eti mujukuu mwema. Ilikuwa rahisi sana, nikaogopa. Nikamufuata Maman jikoni, mbele ya wale wamama wote.

“Maman, sifungi. Ugonjwa umenirudia.”

Nilijua ataona haya, yeye aliyenisifu mutaa muzima. Aliweka mwiko chini, akawageukia, akawaambia mutoto wake ni mugonjwa na asisifiwe tena kwa kukaa na njaa. Halafu akaketi juu ya ndoo, akanivuta karibu naye. Nilikula kidogo. Yeye pia alikuwa hajakula tangu ufe.

Kikundi cha maombi nimemuachia mwingine. Jumanne Maman atanisindikiza hospitali, ameomba mwenyewe.

Sitakuahidi kwamba nitakula vizuri kila siku, hiyo itakuwa kukudanganya tena. Nakuahidi hii: siku nitakaposhindwa, nitasema nimeshindwa, na sitajificha nyuma ya jina la Mungu, wala nyuma ya jina lako.

Nisamehe, Koko. Pumuzika. Leo muchana nimeshindwa kula. Nimemuambia Maman, na sasa ananingojea mezani.

Mujukuu wako,
Furaha