Mahali Pasipo na Uswahili

Jumamosi, 5 Oktoba 2024

Leo tumeangalia nyumba! Ya kununua, si ya kupanga. Bado siamini. Tangu tutoke Musoma, nikiwa darasa la tatu, tumepanga hapa Magomeni ya huku kusini, na kila nikitaka kupigilia msumari Mama husema, Gladi, ukuta si wetu. Sasa Baba amesema basi. Kazi yake bandarini imetulia, na mdogo wangu Rebeka anaanza darasa la kwanza Januari. Nyumba itafutwe mahali ambapo na shule ipo.

Dalali anaitwa Gideoni. Miwani ya jua haivui hata akiwa chumbani. Nyumba yenyewe nzuri kweli — vigae, sinki jikoni, mapazia mazito ya rangi ya dhahabu, na mapazia hayo yanabaki na nyumba! Ukivuka barabara tu, shule ya mchepuo wa Kiingereza. Bembea, basi la njano, kila kitu.

Gideoni akamwambia Mama, Mwalimu, majirani wote hapa ni watumishi, watu wa mikoani kama nyie. Hapa hakuna uswahili.

Mama alitabasamu, akalishika pazia.

Lakini Mama ni mwalimu wa Kiswahili!

Jumapili, 6 Oktoba

Kanisani leo nimeangalia watoto wa shule ya Jumapili. Wengi wanasoma kule kwenye bembea. Nawajua kwa majina, na mama zao, na nani analia akinyimwa kuimba mbele. Wazuri tu. Nilimwambia Mama, Rebeka akienda pale, Jumatatu itakuwa sawa na Jumapili, sura zilezile. Mama akasema, si ndiyo vizuri, atakuwa na wenzake.

Jioni sikuweza kujizuia. Nikamuuliza, Mama, wewe unafundisha Kiswahili, halafu unatafuta mahali pasipo na uswahili?

Baba alipaliwa na chai.

Mama akasema, Gladness! (Jina zima. Hatari.) Kiswahili ni lugha. Uswahili ni umbea na maspika usiku kucha.

Baba akasema, basi Mama Gladi, umbea upo hadi kwenye kwaya yenu. Nikaenda kuosha vyombo haraka, nikicheka peke yangu.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimemsimulia rafiki yangu Warda darasani. Amecheka mpaka mwalimu wa Hesabu akageuka. Eti, shoga, mimi ni uswahili mtupu, nikija kukusalimia si nitazuiwa getini!

Halafu akaniuliza, sasa Rebeka atakaa dawati moja na nani?

Nimeelewa alichouliza. Nilipofika darasa la tatu nikasema, leo tunakura nini, darasa zima lilianguka kwa kicheko. Kwetu Musoma r na l zinabadilishana viti. Warda ndiye aliyecheka kuliko wote. Nilimchukia wiki nzima. Kisha tukapewa imla, na yeye akaandika "ntoto" na "nlango", kama wanavyosema kwao, nami nikaandika "kurara". Tulipata sifuri wote wawili! Tukaanza kusahihishana chini ya dawati. Mwisho wa mwaka tukaongoza. Siku hizi najua kwao Mikindani wanakula nini futari ikianza, na yeye anajua nyimbo zetu za Krismasi kuliko mimi. Hakuna aliyetupangia. Tulikuwa darasa moja tu.

Nataka Rebeka apate Warda wake. Ndicho ninachotaka, nakiandika hapa kwa sababu kukisema nashindwa.

Na kumbe — shangazi yake Warda, Bi Mwaisha, anauza nyumba mtaa wa Chuno! Nyuma yake kuna shule ya msingi ya serikali.

Alhamisi, 10 Oktoba

Baba amekubali tukaione kesho. Mama amekubali kwa mdomo wa pembeni. Anasema shule ile watoto wanabanana madawati, na Rebeka atarudi anasema "ntoto" na mitihani haitamwonea huruma. La madawati ni kweli.

Gideoni amepiga simu mara mbili. Anataka jibu kabla ya Jumanne, eti kuna mteja mwingine. Baba anasema madalali wote wana huyo mteja mwingine.

Ijumaa, 11 Oktoba

Ee Mungu, nianzie wapi!

Ijumaa tunatoka mapema, tukaenda Chuno wote wanne. Bi Mwaisha ni mnene, mcheshi, anasuka ukili wa mkeka huku anaongea. Akasema, karibuni, nlango huo mzito, nsukume kwa bega! Nikaona Mama anameza neno. Ndani hakuna vigae, ni saruji iliyosuguliwa mpaka inang'aa. Madirisha matupu, makubwa. Upepo unaingia huku unatokea kule. Baba akagonga mbao za mlango akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Mara, Rebeka hayupo.

Chumbani hayupo, uani hayupo. Mama akatoka mbio, kwenye ua wa michongoma kuna upenyo, ng'ambo yake ni uwanja wa shule. Mama akapenya na gauni lake la kazini, akaita kwa sauti yote, Lebeka! Lebekaaa!

Mchezo ukasimama. Walikuwa wanacheza rede ya kukwepa mpira, kundi kubwa. Rebeka yuko katikati, anajaza mchanga kwenye chupa, gauni lina maji ya bibo la korosho kifuani. Katoto kenye mtandio mweupe kakamgeukia kwa hasira, kumbe wewe ni Lebeka? Mbona ulisema Rebeka?

Rebeka akajibu bila kuinua kichwa, ni Rebeka. Mama akiogopa ndiyo Lebeka.

Bi Mwaisha alikuwa ameshatufikia, anahema. Alishika michongoma kwa kicheko, akachomwa, akazidi kucheka. Mwalimu wee! Na wewe unayo yako! Nilidhani wenye ugonjwa ni sie tu!

Nilifikiri Mama atakasirika. Midomo ilikaza, ikakaza — kisha ikashindwa. Amecheka mpaka akafuta machozi kwa kiganja! Sijamwona hivyo tangu Musoma. Watoto wakarudi mchezoni: Lebeka, kwepa! Lebeka, mwaga nchanga!

Baadaye Mama alichungulia madarasa. Madawati kweli machache. Mwalimu aliyebaki alimwambia wazi, watoto ni wengi, wa hapa, wa bandarini, wa polisi, wa Mpapura waliohamia, tunachohitaji ni wazazi wa kufuatilia. Mama alisoma ubao, akachukua chaki, akasahihisha herufi moja. Mwalimu akasema asante.

Njiani amesema neno moja tu: doa la bibo halitoki. Hakumfokea Rebeka.

Jumapili, 13 Oktoba

Chumbani kwao wanajadili tangu mchana. Sisikilizi, lakini ukuta mwembamba. Baba: vigae tutaweka wenyewe. Mama: na madawati? Baba: na madawati tutachonga, wazazi wenzetu si wapo? Kisha Mama: yule mtoto mwenye mtandio anaitwa nani?

Rebeka akajibu kutoka sebuleni, Rehema!

Kumbe naye alikuwa hasikilizi.

Jumatatu, 14 Oktoba

Leo sikukuu, hakuna shule. Kwenye chai Rebeka amesema, Mama, naomba nkate. Baba akaacha kukoroga sukari. Mama akafungua mdomo — ninaujua mdomo ule, unakuja na neno lililonyooka. Akaufunga. Akampa mkate.

Simu ya Mama inaita. Ni Gideoni. Inaita mezani hapa karibu na daftari langu, na Mama yupo, anaiona. Imekatika.

Sasa ananiita mimi. Gladi, ile futi ya kushonea iko wapi? Nimemuuliza ya nini. Kupima madirisha, anasema.

Baba amecheka, madirisha ya wapi, Mama Gladi, mbona hatujaamua?

Mama anasema kupima si kununua. Anamvalisha Rebeka lile gauni lenye doa. Baba anatafuta viatu. Simu inaita tena.

Nyumba ya Gideoni ina mapazia yake tayari.