Pacha Tuliofanywa Mtu Mmoja

Doto mpenzi,

Hamjambo wewe na baba mtoto? Mwanao bado anapigana na usingizi wa mchana? Huku nyumbani wote wazima. Mimi ningekujibu kama kawaida kwamba sina neno, ila tangu jana sijui kama ninalo au sina. Nisikilize mpaka mwisho bila kunikatiza, maana nakujua.

Unakumbuka tulivyopanga, kwa ajili ya ugonjwa uliomchukua mama, tukapigwe picha za matiti siku moja, wewe hospitali ya kwenu na mimi ya kwetu, ili asiogope mtu peke yake. Jana nikafuata majibu. Siku hizi mafaili ya karatasi hakuna, daktari anaandika jina lako na mambo yako yote, hata ya hospitali nyingine, yanatokea kwenye kompyuta. Akanipa pongezi za mtoto. Nikamwambia sina mtoto. Akatazama tena, akasema nilijifungua kwa upasuaji, na kwamba nisipewe penisilini kwa sababu hunivimbisha uso. Hapo nikacheka, maana uso huo ni wako.

Nilipomweleza kwamba sisi ni pacha hakucheka. Akamwita bwana wa masjala. Maskini, hakuwa na hila. Alisema kompyuta ilimwonyesha watu wawili wenye wazazi walewale, siku moja ya kuzaliwa, na majina yetu ya kwenye vyeti ambayo baba aliyafananisha hadi mwenyewe akawa anayachanganya. Ikamuuliza kama ni mtu mmoja aliyeandikishwa mara mbili. Foleni ilikuwa imefika nje, akabonyeza ndiyo.

Sasa picha ziko mbili, Doto. Moja ni safi, nyingine ina uvimbe upande wa kushoto. Kumbukumbu zetu zilipounganishwa, jina la hospitali lilipotea, na daktari hawezi kusema ipi ni ya nani. Anasema uvimbe ni mdogo na ukiwahiwa unatibika. Nimejipapasa mpaka ngozi inauma. Mara naupata, mara siupati. Kichwa changu hakiko sawa kabisa.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Daktari alitaka kunipiga picha nyingine palepale. Nilikuwa nimeshafungua vifungo, namwomba Mungu ile yenye uvimbe isiwe yangu. Ndipo nikashtuka, kumbe naomba iwe yako. Nikafunga vifungo nikatoka, daktari akiniita. Nisamehe, Doto. Niliogopa sana.

Nimemtuma shemeji yako na barua hii kwa sababu kwenye simu ungeisikia sauti yangu tu, ukaanza kulia. Rudi naye. Wanataka alama za vidole vyetu sote ili watutenganishe, kisha tutapigwa picha upya. Sitaingia mle chumbani kabla hujafika.

Nisalimie baba mtoto. Na mbusu mwanao, ambaye kwenye kompyuta bado ni wangu.

Nduguyo wa tumbo moja,
Kurwa