Jani Lililogeuka Jeusi

Jumanne, 7 Mei

Nimesahihisha madaftari ya darasa la nne kabla ya kwenda shule. Karibu wote wameandika kwamba mmea hula udongo. Wiki nzima nimepiga kelele: jani huchukua maji, hewa na mwanga wa jua, hutengeneza sukari. Udongo hauliwi. Kesho narudia. Mate yameniisha.

Ziwa limejaa na mto Lukuga umepanda. Maji yameingia shambani mwetu kule bondeni. Juzi yalikuwa kwenye mitaro tu, leo yamenifika kwenye kifundo cha mguu. Mihogo ina miezi tisa. Ilibaki mitatu tuvune.

Alhamisi, 9 Mei

Mama mkwe wangu ametoka shambani na sketi imelowa. Hakukaa hata chini.

"Mihogo ikikala mu maji inakufa," alisema. "Tuichimbe leo, hata kama iko midogo."

Nikamwambia tusubiri, mvua zimekwisha, maji yatashuka. Akasema shamba likiharibika atarudi kwao Mpala pamoja na mwanangu Solange, maana huko kaka zake wana mashamba ya mlimani. Hakusema kwa ubaya. Bila mihogo hii hatuna unga mpaka mwaka ujao, na mshahara wangu najua mwenyewe unavyokuja. Mimi siwezi kuwafuata. Nikiiacha shule, nafasi yangu inachukuliwa siku hiyohiyo.

Solange ana miaka saba. Ndiye mtoto wangu pekee. Tangu baba yake afe tumebaki wanawake watatu katika nyumba hii. Haondoki.

Ijumaa, 10 Mei

Siku nzuri. Nimefanya jaribio la jani darasani. Alkoholi ya maabara hatujawahi kuwa nayo, kwa hiyo kila mwaka nanunua lutuku, pombe ya kienyeji, ile kali inayotoka mwanzo wakati wa kuitonesha, ile inayoshika moto. Wanafunzi walicheka kuona madamu anaingia na chupa ya pombe. Wacheke. Nimechemsha jani la muhogo la shambani kwetu ndani ya lutuku, juu ya sufuria ya maji ya moto, mpaka rangi ya kijani ikatoka yote. Kisha matone ya iodini, dawa ya kupaka vidonda. Jani likageuka jeusi. Jeusi kabisa, sijawahi kuliona hivyo. Maana yake limejaa wanga. Maana yake mmea unapika chakula.

Nimelipeleka nyumbani katikati ya daftari. Nikamwonyesha Mama. Nikamweleza kwamba majani yanafanya kazi, chakula kiko njiani kwenda mizizini, na tukichimba sasa tunajiibia wenyewe. Aliligeuza upande wa pili, akanirudishia.

"Weye njo ulisoma," alisema, yaani msomi ni mimi, akaenda kuwasha mkaa.

Nimeshinda. Niandike ukweli: nilifurahi kushinda.

Jumapili, 12 Mei

Baada ya misa nimepita bondeni. Watu wote wanachimba. Mama Adela, tunayepakana naye, amejaza beseni mbili za mihogo midogo kama vidole gumba. Ataimenya, ataianika, itatoa unga kidogo. Nilimwonea huruma. Nikamwambia amefanya haraka. Aliinama akaendelea kuchimba.

Yetu bado ya kijani. Maji magotini.

Jumanne, 14 Mei

Majani ya chini yameanza kuwa ya manjano. Ni yale mazee. Nadhani ni yale mazee.

Jumatano, 15 Mei

Somo la leo: upumuaji. Nimeandika ubaoni kama ninavyoandika kila mwaka, kwa miaka kumi na moja. Kila sehemu ya mmea hupumua, mchana na usiku. Mizizi pia. Mizizi hupata oksijeni katika nafasi za hewa zilizo kati ya chembe za udongo.

Chaki ikanisimama mkononi.

Nafasi hizo sasa zina maji. Zina maji kwa zaidi ya wiki. Nikawaambia wanakili, nikakaa kwenye kiti. Halafu nikalikumbuka lile jani. Sukari ya jani hushuka mizizini, na mizizi inahitaji nguvu ili kuipokea na kuiweka akiba. Nguvu hiyo inatokana na kupumua. Mizizi iliyokabwa haipokei kitu. Sukari inakosa pa kwenda, inarundikana juu kwenye jani, inakuwa wanga. Ndiyo maana lilikuwa jeusi kiasi kile. Jani halikunidanganya. Mimi ndiye niliyelisoma nusu, nikaacha nusu.

Kengele ilipolia nimekwenda moja kwa moja na viatu vya shule. Nimevuta shina la kwanza. Limetoka bila kung'ang'ania. Chini hapakuwa na muhogo, ni ute tu na maganda.

Alhamisi, 16 Mei

Nimeomba ruhusa ya siku mbili shuleni, mimi na Mama tumechimba tangu asubuhi. Shamba zima limetoa nusu beseni, na hiyo ni ya ule mwinuko wa pembeni.

Harufu haitoki mikononi. Inafanana na ya mihogo tunayoloweka, ila hii imepita kiasi. Mzizi ukikosa hewa hauachi kutafuta nguvu. Unaivunja akiba yake bila oksijeni, kwa njia ile mbovu inayotoa pombe na nguvu kidogo sana. Unakula vyake mpaka viishe, kisha unaoza. Nayajua haya yote. Naweza kuyachorea mishale ubaoni.

Mama hakunilaumu. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 18 Mei

Nimemwambia Mama. Nimemweleza jani, wanga, na kosa langu, polepole, kama kwa mwanafunzi. Nilitaka aseme alijua.

"Nilijua," alisema. "Lakini niliogopa kukukatalia. Mu nyumba hii weye njo mwalimu."

Nimetoka nje, nimekaa nyuma ya choo, nimelia. Miaka yote hiyo nilidhani ananiheshimu na kwamba heshima ni kitu kizuri.

Jumatatu, 20 Mei

Sikwenda shule. Nimetuma habari kwamba nina malaria. Sina malaria. Najichukia.

Mama ameanza kukunja nguo za Solange. Sikumzuia. Ningemzuia kwa nini? Kwa nusu beseni?

Jumatano, 22 Mei

Nimerudi darasani. Nimefuta somo la upumuaji ubaoni kabla sijamwangalia mtu.

Ijumaa, 24 Mei

Wameondoka kwa boti ya asubuhi. Solange alivaa gauni la Komunyo ya Kwanza alilopewa na binamu yake, kubwa kwake, akataka kila mtu alione. Anafikiri ni likizo. Mama amenishika mkono akasema nisiache kula. Baada ya hapo mizigo, watu wakapigania nafasi, na injini ikazidi sauti zao. Sikumsikia mtoto alichosema mwisho. Nilimwona mdomo tu.

Sijisikii kitu. Nimepita sokoni nimerudi mikono mitupu.

Jumapili, 26 Mei

Mama mmoja amekuja mlangoni baada ya misa. Binti yake namfundisha. Shamba lao liko juu kidogo ya letu, maji yameingia juzi. Majani bado yote ya kijani. Binti amemwambia madamu alionyesha darasani kwamba jani la kijani linaendelea kupika, wasubiri. Amekuja kuniuliza kama ni kweli.

Nilimwambia wachimbe leo. Nilimwambia nimewafundisha vibaya. Kisha nikafunga kitambaa kichwani nikamfuata shambani.

Tumechimba mpaka saa nane, yeye, binti yake na mimi. Mihogo ilikuwa midogo, lakini migumu, na ndani myeupe. Alinipa mitano. Nilikataa, akaiweka tu ndani ya kitenge changu.

Nimefika nyumbani, nimewasha mkaa, nimebandika maji. Nilimenya yote mitano kabla ya kukumbuka kwamba nakula peke yangu.