Kamioneti Yako Inazimikia Mbele ya Kanisa

Papa Neema,

Unisamehe. Miezi saba tangu tulikuzika, na sijakuandikia hata mustari moja. Nilikuwa naanza, mutoto analia, ao risasi zinalia upande wa soko, naficha karatasi. Na tena, nikuambie ukweli, nilikuwa nakukasirikia. Ulituacha na mama yako mwenye hawezi kutembea, watoto wawili, na kamioneti ya tanki mbili yenye weye peke yako ulijua tabia yake.

Leo naandika nikiwa ndani yake, mahali pako. Neema iko anabembeleza mudogo wake hapa pembeni. Mama iko mulangoni, mufuko kwenye magoti, amevaa kitambaa ya kanisa tangu juzi. Anangoja gari.

Hapa mutaa wetu wa Lumumba watu wameisha. Wote wanaenda Boga kwa miguu, na kaka yako ametuma neno kwamba ametuwekea chumba kule. Mama alisema: "Muniache, mimi nitachunga nyumba." Nikamujibu: "Mama, nyumba haina haja ya kuchungwa. Weye njo uko na haja." Akafunga mufuko yake.

Basi, gari. Inawaka vizuri, inatoka, tunafika mbele ya kanisa, inakohoa mara mbili, inazima. Wiki nzima, palepale. Ikipumzika saa moja inawaka tena, kama haikufanya kitu, nairudisha nyumbani. Neema anasema inataka kusali.

Nilifanya vile ulinifundisha. "Usikimbilie kufungua, Mama Neema. Uliza kwanza: imekula? Inapumua?" Nikaingiza kijiti katika tanki ya nyuma, kikatoka na mazutu, mafuta yake, ya vidole vine. Imekula; nikaifunga tena kabisa. Nikatoa filtre ya kuchuja upepo, nikaipiga chini, vumbi ikatoka. Inapumua, nikafikiri. Filtre ya mazutu ilikuwa safi, mikono yako ndiyo ilikuwa imeibadilisha. Lakini nikifinya ile pompi ndogo ya mukono, ilikuwa laini tu, haikazi.

Hapo nikafanya kosa. Nikageuza robine ya mafuta, nikaipeleka kwa tanki ya mbele. Nilisahau kwamba siku ile ulikufa ku barabara ya Mongbwalu, wale wa bunduki wenye walifunga njia na bariere walinyonya mazutu yake yote. Gari ikameza upepo, nikarudisha robine kwa tanki ya nyuma. Siku mbili nilikuwa nalegeza vis ili upepo itoke, napampu, nakaza, nalegeza. Mudogo wa Neema alikataa ziwa juu ya harufu ya mazutu. Nilinawa na sabuni, na majivu, na ndimu. Alikataa tu, ananiangalia kama mutu mugeni.

Jirani yetu Muzee Zakayo, mwenye aliendesha malori zamani, alikuja kuangalia. "Mama, pompi imekufa. Hii sasa ni nyumba ya kuku." Alicheka. Kesho yake alibeba godoro kwenye kichwa, akashika mukono ya bibi yake, akaenda na vijana wake wote.

Leo asubuhi nilitaka kupika sombe. Nilikuwa na bidoni mupya ya mawese, kifuniko imekwama, nikaitoboa juu na musumari. Mafuta ikatoka kidogo, ikasimama. Mama, kule mulangoni, hata hakugeuza kichwa: "Toboa tundu ya pili, binti yangu. Mafuta haitoki kama upepo haiingii."

Nilibaki na musumari mukononi.

Ni juu yangu mimi, Papa Neema. Siku walirudisha gari bila weye, kifuniko ya tanki ya nyuma ilikuwa imepotea. Nikaifunga vile siye tunafunga bidoni ya kubeba kwenye kichwa: sashe mbili za plastiki, moja juu ya nyingine, kisha mupira ya ndani ya ile kinga yako, baiskeli yenye haina tena magurudumu. Nikakaza. Na kila siku nikipita pale, nilikuwa naongeza muzunguko moja. Ile mazutu ilikuwa kitu cha mwisho chako chenye hakuna mutu alikuwa amechukua. Sikutaka itoke hata harufu. Njo nikaiziba pumzi.

Nilikimbia na kisu, nikakata mupira. Tanki ikavuta upepo, murefu, kama mutu mwenye alikuwa analia tangu asubuhi. Nikashika pompi ya mukono. Mara kumi, mara makumi mbili, na ikaanza kukaza. Ikawa ngumu, Papa Neema. Ngumu kama jiwe, vile ulisema inakuwa mazutu ikifika.

Nikapanda, nikageuza ufunguo. Tik. Tik tena. Kisha hata tik haiko.

Wiki nzima ya kuiwasha na kuiwasha imemaliza batri. Ni mimi tena.

Kama ingefika tu kanisani, pale muteremuko unaanza, ingeteremuka na kuwaka yenyewe hata bila batri. Ni hatua makumi tatu kutoka mulango yetu. Mimi na Neema tulisukuma. Ilitikisika, ikarudi mahali pake. Neema aliniuliza kama ni yeye mwenye hana nguvu.

Risasi za leo ziko karibu kuliko za jana. Niishie hapa. Ulale, baba ya watoto wangu, sikukasirikii tena. Mama yako sitamuacha. Jua likifika juu ya paa ya kanisa na gari ingali hapa, nitamubeba mugongoni vile yeye alikubeba weye, Neema atabeba mudogo wake, na tutafika pale miguu itatufikisha.

Lakini kama huko uko kuna njia ya kutuma kitu, sikuombi mingi. Unitumie watu wane wa kusukuma, ao wawili wenye mabega. Kifuniko ya tanki, ile yenye katundu kadogo. Maziwa ya mutoto, mpaka harufu hii initoke. Na sauti yako kidogo tu, sababu siku zote mimi nilikuwa nasukuma na weye uko ndani: uniambie ni wakati gani natoa muguu kwa klachi, iwake.