Arobaini na Moja

4 Mei

Dada mpendwa, shikamoo.

Magoti yanaendeleaje, bado yanakutabiria mvua? Mimi mzima, ila kitambi kimegoma kupungua hata baada ya wiki tatu za kulala nusu nusu.

Uliyoyasikia ni kweli. Watu wenye bunduki walivamia soko lililo nyuma ya shule, kisha wakakatiza uwanjani kwetu. Nilifunga mlango wa darasa, tukalala chini. Sokoni walikufa kumi na mmoja, wakiwemo wazazi wa wanafunzi wangu wawili. Shuleni hakuguswa mtu. Mwalimu mkuu ananiita shujaa, na Ijumaa ya tarehe 22 afisa elimu ataniletea cheti. Mimi, ninayepanda kiti nikiona mende!

Tumeshafungua. Mshauri nasaha alikaa nasi siku mbili, akatuambia tusiwalazimishe watoto kusema, na kila tutakachofanya tuwatangazie mapema. Basi nashinda natangaza: “Nafungua dirisha. Napiga chafya.” Kiti kikianguka, darasa zima liko chini ya madawati, mwalimu wao akiwa wa kwanza. Siku hizi wananicheka kidogo, nami nashukuru.

Anayenishinda ni Chiriku, binti wa mshona viatu. Jina hilo tulimpa kwa mdomo wake usiopumzika. Sasa hasemi, wala haingii darasani. Anakaa barazani kutwa, anautazama mlango. Nimejaribu peremende. Nimejaribu hata kuimba. Nusura wengine nao watoke. Nifanyeje, wewe uliyezeeka na chaki mkononi?

Mdogo wako

9 Mei

Mdogo wangu, marahaba.

Magoti yapo, yanalalamika kama kawaida yake. Namshukuru Mungu u hai.

Barua yako imenichekesha mara tano, ndiyo maana sikulala. Nakujua wewe. Ukivunja kikombe ulikuwa unaanza kukata viuno utuchekeshe kabla hujaulizwa.

Nimefundisha miaka thelathini. Mtoto anayeogopa chumba hukaa mbali nacho. Huyo anakuja kila siku, anakaa mlangoni. Kuna kitu anakisubiri. Siku ile alikuwa wapi?

Dada yako

14 Mei

Dada, shikamoo. Magoti leo sikuulizi.

Alikuwa nje. Nilikuwa nimemtuma chaki ofisini. Milio ilipoanza nilihesabu vichwa: arobaini na moja, wote wamo. Nikasukuma komeo. Kumbe nilijihesabu na mimi. Kosa lilelile mnalonicheka nalo tangu siku tuliyohama, nilipohesabu ndugu zetu kwenye lori na kaka akaachwa.

Kisha mlango ukagongwa. Mara tatu, taratibu, chini, pale mkono wa mtoto unapofika. Niliujua urefu ule, Dada. Nikamziba mdomo aliyelala karibu nami, nikanyamaza.

Baada ya saa nzima nilimkuta amejificha nyuma ya tangi la maji. Hajamwambia mtu, hata baba yake. Nikisema, huenda kazi ikaota mbawa, na hao arobaini wanaolala usingizi kwa kuniamini sijui wataamini nini. Nikinyamaza, atakaa barazani mpaka ahame shule. Na cheti ni Ijumaa ijayo.

Mdogo wako

17 Mei

Mdogo wangu, marahaba.

Nimeisoma nimesimama, na magoti haya.

Sitakuambia hukukosa. Wala sitakuambia ungefungua. Sikuwepo, na ulikuwa na watoto arobaini sakafuni. Ila yeye anajua kuwa aligonga. Asichokijua ni kama ulisikia. Mwambie kabla ya Ijumaa, baba yake akiwepo. Usimwombe msamaha wa papo hapo, utakuwa unamtwisha mtoto kazi yako. Na usichekeshe.

Nijibu upesi.

Dada yako

30 Mei

Mdogo wangu,

Ijumaa imepita, na nyingine imepita. Simu yako haiiti. Kama umekichukua cheti, niambie tu. Bado mimi ni dada yako.

Dada

5 Juni

Dada mpendwa, shikamoo. Nisamehe kimya. Nilitaka niandike nikiwa na la kukuambia.

Alhamisi ile nilikwenda kibandani kwa mshona viatu. Nilisema yote bila mzaha hata kidogo. Baba mtu aliendelea kupigilia msumari uleule mpaka ukatokeza upande wa pili wa soli. Chiriku aliniuliza swali moja.

“Ulisikia mara ngapi?”

“Tatu.”

“Niligonga nne,” akasema, akaingia ndani.

Cheti nilikikataa mbele ya watu, nikasema kwa nini. Bodi ya shule itaniita mwisho wa mwezi. Wazazi wengine hawanisalimii. Na Chiriku akaendelea kukaa barazani wiki mbili nzima, nami nikisema moyoni, basi, nimekosa huku na huku.

Leo asubuhi nilitangaza kama kawaida: “Nahesabu, kisha nafunga mlango.”

“Usihesabu wewe,” sauti ikatokea barazani.

Akasimama mlangoni, mguu mmoja ndani. Akawahesabu kwa kidole, mmoja mmoja, bila haraka, na aliyesogea alimrudia. Akafika arobaini. Akauingiza mguu wa pili, akajigusa kifua: arobaini na moja.

“Na mimi je?” nikauliza.

“Mwalimu hahesabiwi,” akasema, akaketi kwenye dawati lililo karibu na komeo.

Mdogo wako