Kikombe Kando ya Trekta

4 Septemba

Mwanangu,

Hujambo huko? Sisi tunasukuma siku. Baba yako ni yuleyule tangu kiharusi kimpige: mkono wa kushoto unafanya kazi, ulimi haufanyi, na kutwa anatazama ukuta. Daktari alisema tusitegemee kwamba anatuelewa. Nimechoka, sikufichi.

Naandika kwa sababu ya trekta. Linatoa moshi ubavuni mwa injini, na dereva amekataa kulipanda, anasema linamfukiza kama nyuki. Mvua ziko karibu na shamba halijaguswa. Baba yako mdogo anataka tuliuze kama chuma chakavu. Eti mwenyewe hajitambui, trekta la nini. Nieleze hiyo kazi, nitaifanya mimi. Usipige simu. Nikisikia sauti yako nitalia, na spana haishikiki kwa machozi.

Mama yako

11 Septemba

Mama, shikamoo.

Natumaini umepata hata usiku mmoja wa kulala. Mimi mzima, ila gereji imetubana na likizo hakuna. Na niseme kweli, naogopa kuja halafu baba asinitambue.

Moshi huo unatoka pale manifoldi ya ekzosi, ile shina la bomba la moshi, inapokaa kwenye injini. Imeshikwa na stadi, zile bolti zisizo na kichwa, nazo zimeliwa na kutu. Zimwagie mafuta mepesi jioni, ziache zilale nayo. Asubuhi zungusha mbele kidogo, nyuma kidogo, bila hasira. Ikikatika, mchomeleaji aunganishe nati juu ya kisiki kilichobaki tunduni, kitatoka. Stadi mpya nimempa dereva wa lori akuletee.

Msalimie baba, hata kama salamu hazifiki.

Mwanao

27 Septemba

Mwanangu,

Mimi mzima wa kusimama, mgongo ndio unaolalamika.

Hiyo kazi yako ina vioja. Stadi ya kwanza ilitoka kwa vidole. Kumbe baba yako aliizungushia kipande cha kopo ili ishike, na miaka yote hiyo akitamba kwamba trekta lake halijawahi kuguswa. Ya pili ilikatika. Mchomeleaji alikuja, akanywa chai kwanza, kisha akaitoa kama ulivyosema.

Baba yako nilimweka kwenye kiti karibu nami, maana sina wa kumwachia. Nilipoishika ile ya mwisho, akaanza kuonyesha kikombe chake. Nikamnywesha, akatema. Akaonyesha tena. Nikamletea maji mengine, akayasukuma yakamwagika, akawa anagonga kiti kwa kiganja. Nikamkaripia, mwanangu. Nikamwambia, "Mzee, kunywa au niache nifanye kazi." Nikazungusha. Stadi ikatoka, na nyuma yake maji ya kutu yakanilowesha kifua mpaka viatu. Tundu la stadi ile limepenya hadi kwenye maji ya kupozea injini, nawe hukuniambia.

Nikamgeukia. Hakuwa akitazama ukuta, alikuwa akinitazama mimi, mdomo umepinda, anacheka. Nikakaa kwenye tope nikalia. Miezi yote hii nimeishi na mume wangu nikidhani naishi na kiti.

Sasa tuna lugha yetu. Kugonga mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Baba yako mdogo alipoleta mnunuzi, nilimwambia amuulize mwenye mali. Akauliza kwa mzaha. Kiti kiligongwa mara mbili, na mnunuzi akaaga.

Ila sijui stadi ile niirudisheje isivuje.

Mama yako

3 Oktoba

Baba, shikamoo.

Marahaba yako nitaifuata mwenyewe. Pole na kuumwa, na unisamehe kwa barua zote nilizoandika kana kwamba hupo. Hii nimemwomba mama akusomee neno kwa neno.

Ile stadi inayofika kwenye maji, mimi ningezipaka nyuzi zake gundi ya gasketi, niikaze, niiache ikauke, ndipo nijaze maji kwenye rejeta. Niko sawa? Kama ndiyo, mama aendelee, shamba lisichelewe. Kama hapana, msiguse kitu. Nitaiacha gereji, waseme watakalo, nije unionyeshe.

Mwanao

8 Oktoba

Mwanangu,

Hatujambo. Nimemsomea yote. Mchomeleaji alikuwepo, akasema gundi ndiyo yenyewe, hakuna njia nyingine. Hata mimi nakumbuka baba yako akiipaka.

Amegonga mara mbili. Nikadhani hakunisikia vizuri, nikamsomea tena. Akagonga mara mbili, kisha akageuza uso kuelekea barabarani.

Njoo.

Mama yako