Shingo ya Mama Anjelika haikupimwa

Tecla, nimetoka chumba cha upasuaji sasa hivi.

Unaijua ile programu ya mradi inayobashiri ni mgonjwa gani njia yake ya hewa itasumbua akipewa dawa ya usingizi. Leo ilisema Mama Anjelika wa Mabawe hana hatari.

Ana kovu la moto shingoni, shingo haipindiki nyuma kabisa. Nami, mtoa dawa ya usingizi, niliiamini programu, sikumpima. Hilo kosa ni langu.

Dawa imeshaingia, mrija wa kupumulia haupiti. Mara ya pili haupiti. Oksijeni ikashuka hadi asilimia 58. Mara ya tatu ndipo ukapita.

Nikamfuata Niyibizi, anayepima wagonjwa na kujaza takwimu kwenye programu. "Ulimpima saa ngapi?"

"Sikumpima. Kulikuwa na foleni, nikajaza vipimo vya kawaida."

Vya kawaida, Tecla. Kisha akaninong'oneza: "Dada, andika mrija uliingia mara ya kwanza. Tusiharibu takwimu za mradi."

Na programu inajifunza kwa hayo hayo tunayoandika.

Nimeandika kwamba mrija uliingia mara ya tatu. Nimeandika vipimo ni vya kubuni, na kwamba mimi sikupima.

Mama ameamka. Nimemweleza yote. Akanishika mkono, akasema, "Asante mwanangu."

Heri angenitukana.